Transfoma ndogo ya santuri: kwa nini uwiano mkubwa si lazima uwe bora

Kwa watu wengi wa Unguja neno transfoma lina maana ya umeme wa nyumbani. Umeme wa kutoka Tanzania Bara hupita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, kisha hufuata nguzo hadi kituo cha Mtoni, nje kidogo ya Mji Mkongwe. Hufika ukiwa na volti 132,000. Hapo Mtoni transfoma kubwa huushusha hadi volti 33,000, na nyingine zilizopo njiani na mitaani huendelea kuushusha mpaka ufae kwa taa, redio na chaji ya simu.

Makala hii inaeleza transfoma ya aina nyingine. Inaenea kiganjani, na kazi yake ni kinyume na ile ya Mtoni: inapandisha. Hukaa kati ya sindano ya santuri na amplifaya.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Fumba hiyohiyo ndiko alikozaliwa Siti binti Saad. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, wakarekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya HMV, kwenye sahani za santuri zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Baadaye zikaja sahani nyingine nyingi, zikiwemo za lebo ya Mzuri ya Mombasa. Baadhi ya sahani hizo bado zimo masandukuni majumbani. Zinavunjika kwa urahisi, na kila zinapopigwa zinalika. Anayetaka kuihamishia sauti hiyo kwenye kompyuta au simu huenda akawa na nafasi chache tu za kufanya hivyo vizuri.

Umeme unaotoka kwenye sindano

Sindano inapopita kwenye mfereji wa santuri, hutikisika. Ndani ya kichwa cha sindano mna sumaku na koili za waya mwembamba. Kimoja kikitikisika karibu na kingine, umeme huzaliwa, na umeme huo ndio sauti yenyewe kabla haijakuzwa.

Vichwa vinavyotumika sana ni vya aina mbili. Katika aina ya kwanza, kinachotikisika ni sumaku. Hutoa kiasi cha milivolti 3 hadi 5, na amplifaya nyingi zenye tundu la santuri zimetengenezwa kwa kiwango hicho. Katika aina ya pili, kinachotikisika ni koili. Ili iwe nyepesi, koili hiyo hupewa mizunguko michache ya waya. Wapo wanaoipenda aina hii kwa sababu hufuata vizuri hata mitikisiko midogo ya mfereji, lakini umeme wake ni haba.

Mfano ni kichwa cha Denon DL-103, kilichobuniwa Japani miaka ya 1960 kwa kazi za shirika la utangazaji la NHK. Hutoa milivolti 0.3 tu. Betri moja ndogo ya redio ina volti 1.5, yaani mara 5,000 ya umeme huo. Ukijaribu kuufidia kwa kufungua sauti ya amplifaya hadi mwisho, utakuza pia mchakacho wa amplifaya yenyewe.

Transfoma inafanya nini?

Transfoma ina koili mbili zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma. Ikiwa koili ya pili ina mizunguko mara kumi ya koili ya kwanza, volti hupanda mara kumi. Huo tunauita uwiano wa 1 kwa 10. Haihitaji betri wala kuchomekwa ukutani.

Lakini hakuna cha bure. Volti zikipanda mara kumi, mkondo hushuka mara kumi. Fikiria gia ya baiskeli. Ukiweka gia kubwa, kila mzunguko wa pedali unakupeleka mbali zaidi, ila miguu inabeba mzigo mzito zaidi. Kichwa cha sindano ndicho miguu yako. Uwiano ukizidi, mzigo humlemea.

Uzito huo hupimwa kwa omu. Amplifaya nyingi huwa na ukinzani wa omu 47,000 kwenye tundu la santuri. Kupitia transfoma ya 1 kwa 10, kichwa hakioni omu 47,000. Kinaona 47,000 gawanya kwa 10 mara 10, yaani omu 470. Kadiri omu zinavyopungua, ndivyo mzigo unavyokuwa mzito.

Hesabu inayowashangaza wengi

Turudi kwa kichwa cha milivolti 0.3, ambacho chenyewe kina ukinzani wa omu 40. Amplifaya itapata nini?

– Uwiano wa 1 kwa 10: mzigo ni omu 470, na amplifaya hupata karibu milivolti 2.8.
– Uwiano wa 1 kwa 20: mzigo ni omu 117, na amplifaya hupata karibu 4.5.
– Uwiano wa 1 kwa 34: mzigo ni karibu omu 41, na amplifaya hupata karibu 5.1. Hapa ndipo kilele.
– Uwiano wa 1 kwa 100: mzigo ni omu 4.7, na amplifaya hupata karibu 3.2 tu.

Yaani transfoma ya mara mia inatoa karibu sawa na ile ya mara kumi. Umeme mwingi umepotelea ndani ya kichwa chenyewe. Sauti nayo huharibika kabla hata ya kufika kileleni: mzigo ukiwa mzito mno, sauti za juu, kama za fidla, hufifia.

Vichwa vingine, kama vya SPU vya kampuni ya Ortofon ya Denmark, vina ukinzani wa omu chache tu. Hivyo huweza kubeba uwiano wa 1 kwa 20 au 1 kwa 30 bila shida. Hakuna transfoma moja inayofaa vichwa vyote.

Hatua za kufuata

1. Soma karatasi ya kichwa. Tafuta milivolti na omu zake.
2. Zidisha milivolti kwa uwiano wa transfoma. Jibu likaribie 3 hadi 5.
3. Zidisha uwiano kwa wenyewe, kisha gawa 47,000 kwa jibu hilo. Utakachopata kisipungue mara mbili na nusu ya omu za kichwa. Kikikaribia mara kumi, ni salama zaidi.
4. Kama transfoma imeandikwa desibeli, kumbuka kuwa 20 ni mara kumi, 26 ni mara ishirini, na 30 ni karibu mara thelathini na mbili.
5. Chomeka transfoma kwenye tundu lenye herufi MM. Lile la MC lina ukuzaji wake tayari.

Weka transfoma mbali na chaji, mota na simu, kwa sababu hunasa mvumo. Igeuze polepole mpaka mvumo upungue, na utumie waya mfupi kwenda kwenye amplifaya. Usikipime kichwa kwa mita ya omu. Umeme wa mita unaweza kukiharibu.

Ukiwa na sahani za zamani nyumbani

Usizipige kwa gramafoni ya sindano ya chuma, maana mkono wake mzito huzila. Usizisafishe kwa spiriti, kwani huyeyusha sahani za 78. Zisimamishe wima, mbali na jua.

Ukimpelekea fundi, muulize mambo matatu. Je, sindano yake ni ile pana ya sahani za 78, ambayo ncha yake ni zaidi ya mara tatu ya ile ya santuri za 33? Kichwa chake kina omu ngapi? Na transfoma yake ina uwiano gani? Fundi anayeijua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Ni bora kuyauliza kabla sahani haijaanza kuzunguka, kwa sababu sauti iliyorekodiwa ikiwa dhaifu, ukiikuza baadaye mchakacho nao hukua pamoja nayo.