Kismayo: Taarifa za wateja katika viwanda vidogo

Chukua mfano wa kiwanda kidogo cha barafu mjini Kismayo. Kina kompyuta moja, simu mbili tatu, na fundi anayeitwa mashine inapogoma. Ndani ya kompyuta hiyo mna madeni ya wavuvi wa Koyama, Chovai na Chula, wanaochukua barafu leo na kulipa wakirudi na samaki. Mna pia majina ya madereva, namba za magari na siku za safari za kwenda Dhobley na Liboi.

Kompyuta hiyo ikifa, deni lisiloandikwa kwingine hubaki suala la kukumbushana. Ikiibiwa, hatari huhamia kwa dereva. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara kadhaa jinsi al-Shabaab inavyotoza magari ya mizigo kusini mwa Somalia. Orodha ya nani kabeba nini na lini si ya kuachwa wazi mezani.

Nakala za akiba

Kanuni inayotumika duniani ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Kwa Kismayo, hiyo ina maana ya diski ya nje iliyofungiwa nyumbani kwa mwenye mali na nakala nyingine kwenye mtandao, zote zikiwa na neno la siri. Flashi inayozunguka mfukoni haihesabiwi. Hiyo ni njia ya virusi.

Mtandao peke yake hautoshi. Juni 2017 meli ilikata mkongo wa EASSy, na kusini na kati mwa Somalia kukakosa intaneti kwa takriban wiki tatu. Serikali ilikadiria hasara ya dola milioni 10 kwa siku.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kujaribu nakala. Mara moja kwa mwezi, fungua faili la madeni kutoka kwenye diski, katika kompyuta nyingine. Lisipofunguka, huna nakala.

Fundi na funguo

Fundi wa kuitwa huwa nafuu hadi siku anapohama na maneno ya siri yote. Mapatano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja, yataje atakuja ndani ya saa ngapi, ataruhusiwa kuona nini, na kwamba maneno ya siri ni mali ya kiwanda. Laini inayopokea malipo ya EVC Plus isisajiliwe kwa jina la karani.

Masasisho nayo yasipuuzwe. Virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilizikumba kompyuta ambazo hazikuwekewa kiraka kilichotolewa na Microsoft miezi miwili kabla. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure Oktoba 2025, na bado imo katika ofisi nyingi.

Kwa mfanyabiashara wa Garissa au Mombasa, ujumbe wa ghafla unaosema "tumebadilisha akaunti ya malipo" uthibitishwe kwa kupiga namba ya zamani, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe.

Sheria

Somalia ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2023, pamoja na mamlaka ya kuisimamia. Sheria peke yake haizuii wizi: Novemba 2025 ubalozi wa Marekani ulitangaza kuwa mfumo wa viza za mtandaoni wa Somalia ulivamiwa, na taarifa za watu wasiopungua 35,000 huenda zilivuja.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inavuka mpaka. Kiwanda cha Kismayo kinachoshughulikia taarifa za watu walioko Kenya kinaweza kuguswa nayo, ingawa hakina ofisi huko. Taarifa zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wahusika, kamishna wa data anatakiwa aarifiwe ndani ya saa 72. Saa hizo huanza kuhesabiwa pale kiwanda kinapojua, kwa hiyo kiandike mapema nani atapiga simu, na kwa madereva gani kwanza.