Pedali ya Kinanda Ndani ya Kompyuta: Kwa Nini Akodi Zinapandana

Hapa Uvira kwaya ikikosa mpiga kinanda Jumapili, tunaimbia muziki uliotayarishwa kwenye kompyuta. Mara nyingine akodi zinapandana hadi maneno ya wimbo hayasikiki, na kijana aliyeutayarisha anakemewa. Tuelewe kwanza kinachotokea.

MIDI, mfumo uliotolewa mwaka 1983, haubebi sauti bali maagizo: noti imebonyezwa, noti imeachwa, pedali imeshuka. Pedali ya kushikilia sauti ina namba 64. Thamani ya 0 hadi 63 maana yake pedali iko juu. 64 hadi 127, iko chini. Programu ya sauti, kwa mfano FluidSynth, ikipokea agizo la kuacha noti wakati pedali iko chini, haizimi noti hiyo. Inaiacha ilie mpaka pedali ipande.

Matatizo huanza tunaponyoosha mapigo, yaani kuvuta kila agizo likae sawasawa juu ya pigo. Kupanda kwa pedali, kushuka kwake, kuachwa kwa akodi ya kwanza na kubonyezwa kwa akodi ya pili vinaangukia wakati uleule. Kompyuta inavisoma kimoja kimoja, kwa mpangilio ulio kwenye faili. Pedali ikipanda na kushuka kabla noti za kwanza hazijaachwa, noti hizo bado zimebonyezwa, basi hazizimiki. Zikiachwa baadaye, pedali iko chini tena, nayo inazishika. Ndipo akodi mbili zinalia pamoja.

Dawa yake ni kuchelewesha kushuka kwa pedali. Kwenye faili yenye vipande 480 kwa kila pigo, mwendo ukiwa mapigo 60 kwa dakika, vipande 48 ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Anzeni hapo, kisha sikilizeni. Mpiga piano naye hufanya hivyo: vidole hutangulia, mguu hufuata. Lakini mguu usichelewe mpaka vidole vimekwisha kuachia, maana sauti itakatika.

Wimbo ukisimamishwa pedali ikiwa chini, agizo namba 123 la kuzima noti zote halitoshi, kwa kuwa linatii pedali. Rudisheni pedali kwenye 0, au tumeni namba 120 inayonyamazisha sauti yote.

Sisi wenyewe tulimkemea kijana mmoja mbele ya wenzake. Tulipofungua faili, tuliona vidole na mguu wake vilikuwa sawa. Ni sisi tuliomwagiza anyooshe mapigo. Tulimwomba msamaha mbele ya kwaya ileile.