Kichwa kinauma sehemu moja tu, ukubwa wa sarafu? Soma hapa

Wengi wakiumwa kichwa, kinauma chote, au upande mmoja kama ilivyo kwa kipandauso. Lakini kuna watu ambao ukiwauliza panauma wapi, wanaweka kidole kichwani na kuchora duara: hapa tu. Nje ya hapo, hawasikii kitu.

Tatizo hilo lipo na lina jina: maumivu ya kichwa ya sarafu. Ni nadra, na si wengi wanaolifahamu.

Madaktari wa Uhispania wakiongozwa na Juan Pareja walilieleza mwaka 2002, baada ya kuwachunguza wagonjwa 13. Leo limo kwenye orodha ya kimataifa ya aina za maumivu ya kichwa.

Utalijuaje?

• Eneo linalouma ni la duara au umbo la yai, lenye upana wa sentimita 1 hadi 6.

• Mipaka yake iko wazi. Halihami, halitanuki, halibadiliki umbo.

• Mara nyingi huwa juu ya kichwa, upande wa kulia au kushoto, ingawa linaweza kutokea sehemu nyingine.

• Maumivu kwa kawaida si makali sana, ila yanaweza kupanda ghafla kama mtu anachomwa na kitu chenye ncha.

• Wengine huumwa muda wote kwa miezi au hata miaka. Kwa wengine yanakuja na kuondoka.

• Sehemu hiyo inaweza kuwa na ganzi au kuchonyota. Kuna ambao hata kupitisha kitana ni shida.

Chanzo ni nini?

Bado hakijathibitishwa. Wataalamu wengi wanahisi ni hitilafu kwenye nyuzi ndogo za fahamu za ngozi ya kichwa. Kwa baadhi, maumivu yalianza baada ya kuumia eneo hilo.

Kwa nini upigwe picha?

Hakuna kipimo cha damu wala picha inayosema moja kwa moja kwamba ni tatizo hili. Daktari analitambua kwa maelezo yako na kwa kukuchunguza. Ndiyo maana kusema tu "kichwa kinauma" hakutoshi. Onesha sehemu yenyewe.

MRI au CT inasaidia kuhakikisha hakuna kitu kingine, kwani mara chache uvimbe ndani ya kichwa au tatizo la mfupa wa fuvu huleta maumivu yanayofanana. Picha ikiwa safi, hiyo ni habari njema: tatizo lenyewe si la hatari.

Tiba yake

Maumivu yakiwa madogo, wengine hawahitaji dawa baada ya kujua si uvimbe. Dawa za kawaida za kutuliza maumivu huwasaidia baadhi.

Yakizidi, daktari anaweza kuandika gabapentini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, au amitriptilini kwa dozi ndogo. Wapo wanaochomwa sindano za Botox kwenye eneo hilo. Hakuna dawa moja inayomfaa kila mtu.

Angalizo: usimeze vidonge vya maumivu kila siku kwa kujiamulia. Ukivitumia siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu na kuendelea, vyenyewe vinaweza kukuletea maumivu ya kichwa. Hapo unakuwa na matatizo mawili.

Usisubiri, nenda hospitali haraka kama:

• Maumivu yameanza ghafla na ni makali kuliko uliyowahi kuyapata.

• Una homa na shingo imekakamaa.

• Mkono au mguu umelegea, unaongea kwa shida, au umepata degedege.

• Una zaidi ya miaka 50, maumivu ni mapya, na unaona vibaya au taya linauma ukitafuna. Hiyo inaweza kuwa kuvimba kwa mishipa ya damu ya kichwani, na ukichelewa unaweza kupofuka.

Kama huna dalili hizo, kabla ya kwenda kliniki chora duara lako kwenye karatasi na andika lilianza lini. Itamrahisishia daktari kazi.