Jumapili Iliyookoa Wanafunzi wa Cyangugu

Tarehe 3 Februari 2008, saa tatu na nusu asubuhi, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga eneo la Ziwa Kivu, kuanzia Bukavu hadi wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Ilikuwa Jumapili. Waumini walifia kanisani. Madarasa hayakuwa na mtu. Lingetokea kesho yake, historia ya elimu ya Cyangugu ingeandikwa vingine.

Mwaka uliofuata serikali ilianzisha elimu ya msingi ya miaka tisa. Shule za msingi ziliongezewa madarasa ya sekondari, na mengi yalijengwa kwa umuganda: wazazi wakabeba mawe na mchanga, mafundi wakajenga. Mafanikio hayo huelezwa kwa idadi ya vyumba. Kwa maoni yangu hesabu hiyo haitoshi, hasa huku kwetu. Anayekagua darasa la Rusizi aanze na yale yaliyofichwa na rangi. Je, msingi umefika kwenye udongo mgumu, au jengo limekaa juu ya udongo wa kujazia mlimani? Lenta inazunguka kuta zote, au imepita juu ya milango na madirisha tu? Kuta zisizofungwa kwa juu huachana kwenye pembe ardhi ikitikisika, na paa hufuata.

Saruji haiko mbali. Kiwanda kipo Bugarama, wilayani humu humu. Lakini mzazi aliyejitolea Jumamosi hawezi kuulizwa mna nondo ngapi ndani ya zege. Hilo ni swali la mhandisi wa wilaya, tena kabla zege halijamwagwa.