Funza, kisigino na mfupa uliooza

Kule kwetu Kivu, mtoto akikuna mguu usiku na kulia, bibi anawasha taa, anatafuta sindano, anatoa funza. Wanafunzi wangu wanafikiri kwamba hiyo ni desturi ya tangu zamani za kale. Hapana. Mababu wa kale hawakumjua funza hata kidogo.

Funza ni mgeni, kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Mwaka wa 1872 meli ya Waingereza, Thomas Mitchell, ilitoka Brazili ikiwa imejazwa mchanga tumboni ili isiyumbe baharini. Ilipofika Ambriz, katika Angola, mchanga ule ulimwagwa pwani na funza akashuka pamoja nao. Mabawa hana, alibebwa na miguu ya watu. Wapagazi, askari na wachuuzi walipandisha naye mto Kongo, na kabla ya miaka 30 kwisha alikuwa amekata Afrika mpaka pwani ya mashariki. Ebu fikiri msafara wa Stanley, yule Bula Matari: uliingia mlango wa mto mwaka wa 1887 na ukatokea Bagamoyo mwaka wa 1889, na ndani yake mamia ya wapagazi wa Unguja. Tena ule ulikuwa mmoja tu kati ya mingi. Mwaka wa 1892, Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alikuta huko Uzinza, kusini ya ziwa Viktoria, watu waliolala njaa sababu miguu iliyooza haikuwaruhusu kwenda shambani.

Basi ufundi wa bibi zetu ulizaliwa kwa lazima. Sindano inapitishwa kwanza motoni. Funza anatolewa mzima, bila kupasua kifuko cha mayai. Ndani ya tundu wanatia majivu, tumbako ao mafuta ya mawese. Ile ya moto ni akili kubwa, wala hakuna aliyewafundisha habari za mikrobe. Ile ya majivu, hapo mimi siwafuati.

Kwani tundu lile ni mlango. Pepopunda inaweza kupita humo. Usaha pia unaweza kushuka mpaka kwenye mfupa wa kisigino, maana nyuma na pembeni ngozi iko karibu sana na mfupa. Ngozi inafunga, uvimbe unapungua, watu wanasema: amepona. Kumbe ndani mfupa unaoza polepole. Si kila kisigino kinachouma kina ugonjwa huo. Mara nyingi ni mshipa wa chini ya unyayo uliochoka na safari. Lakini maumivu yasiyolala hata usiku, na kidonda kinachofunga na kufunguka tena, hayo ni mengine. Na picha ya radio ikipigwa mapema mno, inaweza kuonyesha mfupa mzima.

Baba yangu mdogo alichechemea karibu miaka 3. Kisigino kilikuwa kizuri kwa inje. Wazee walikaa, wakasema: « Huyu amekanyaga dawa. » Dawa ya nani? Ya jirani, kwa kuwa walikuwa na maneno juu ya mpaka wa shamba. Jirani aliapa, hakuna aliyemsikia. Watoto wake wakakatazwa kuchota maji pamoja na wetu, na mwisho akafunga mizigo, akahama.

Ndipo munganga mmoja akamuuliza baba mdogo: « Mzee, hapa uliwahi kutolewa funza? » Alicheka. Nani hakutolewa funza? Radio ilionyesha tundu ndani ya mfupa na kipande kilichokufa, kimejitenga peke yake. Walipasua, wakakitoa, wakapeleka usaha kupimwa, akameza dawa majuma mengi. Leo anatembea.

Alipopona alimtafuta jirani mwaka mzima, mpaka akamkuta ngambo ya mto. Alimpelekea mbuzi, akapiga magoti mbele ya watoto wake. Jirani alimpokea vizuri, mbuzi akachinjwa, wakala pamoja. Lakini kurudi, hakurudi.