Karczma ya Poland na Duka la Mhindi: Mfano wa Kitale na Bungoma

Wanahistoria wa Poland wameandika mengi juu ya karczma, yaani nyumba ya pombe na malazi iliyopatikana vijijini na kando ya njia kuu. Haki ya kupika na kuuza pombe ilikuwa ya kabaila mwenye ardhi. Aliyeuza, mara nyingi, alikuwa Myahudi aliyeikodi haki hiyo kwa fedha. Mkulima alikunywa kwake, akakopa kwake, akapata habari za mbali kwake, na alipofilisika akamlaumu yeye. Kabaila hakulaumiwa sana.

Magharibi ya Kenya nako kulikuwa na mtu wa namna hiyo. Ni ajabu kwamba uwanda wa Uasin Gishu, kusini ya Kitale, ndio uliopendekezwa na Uingereza mwaka 1903 uwe makao ya Wayahudi, na Mkutano wa Kizayoni ukaukataa mwaka 1905. Waliokuja kushika biashara huko walikuwa Wahindi. Ahadi ya Lord Elgin ya 1908 iliwazuia wasipewe mashamba katika nyanda za juu za walowezi. Wakabakiwa na viwanja vya mjini. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, maduka yao yalihudumia walowezi na vibarua wao pia. Bungoma hapakuwa na walowezi. Huko Mhindi aliuza chumvi, majembe, kiberiti na amerikani, akanunua mahindi na ngozi, na barazani pake fundi alishona kwa cherehani. Mizani ilikuwa yake, na daftari la deni lilikuwa lake. Waswahili walikwisha kusema zamani: Banyani mbaya, kiatu chake dawa.

Kwa mwanaisimu, jambo kubwa ni lugha ya kaunta. Mnunuzi alisema Lubukusu, Kiteso au Kisabaot. Muuzaji Kigujarati, Kikachi au Kipunjabi. Walikutana katika Kiswahili, ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao. Kilikuwa Kiswahili cha hesabu, cha amri fupi na cha kubembeleza bei, chenye upatanisho wa ngeli uliovunjika. Wanasarufi wamekicheka. Hata hivyo, wanakijiji wengi wasiopata kuingia darasani walikisikia hapo kwanza, na takriri ya biashara ni mwalimu mkali.

Lakini ulinganisho una mpaka wake, na mpaka huo ndio wenye maana. Katika karczma, bidhaa, deni, ngoma na kileo vilikuwa chini ya paa moja. Ndiyo maana Mickiewicz, katika Pan Tadeusz (1834), aliweza kumfanya Jankiel, Myahudi mwenye karczma, kuwa mpigaji hodari wa ala ya nyuzi na mzalendo wa Poland. Bungoma mambo hayo yaligawanyika. Busaa ilipikwa nyumbani kwa wimbi na mahindi, na wazee wa Kibukusu waliinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Chungu kilisema Lubukusu. Mhindi hakuketi hapo, na mtani wa chunguni hakuitwa kula nyumbani kwake. Kiswahili cha dukani kikabaki lugha ya haja, si ya mapenzi wala ya matanga.

Sheria ya Urusi ya 1804 iliwakataza Wayahudi kukodi nyumba za pombe vijijini, katika nchi zilizotwaliwa kutoka Poland pia. Wengi waliendelea kwa jina la Mkristo. Kenya ilipotunga Sheria ya Leseni za Biashara mwaka 1967, maduka mengi ya wasio raia yaliingia mikononi mwa Waafrika, na mengine yakapata mwenye leseni Mwafrika huku mtaji ukibaki ulipokuwa. Mwaka huo huo, Azimio la Arusha lilikuwa likilipa maana kali zaidi neno bepari. Asili yake ni neno la Kihindi lenye maana ya mfanyabiashara tu, na hivyo ndivyo kamusi za zamani za Kiswahili zilivyolifasiri.