Siku Moja Katika Barabara ya Emilia

Wazee wenzangu wakiulizwa wangependa kwenda wapi endapo wangepewa siku moja na nauli ya bure, aghalabu hutaja miji mitakatifu. Mimi ningeomba nipelekwe Italia ya kaskazini, katika mkoa wa Emilia-Romagna, nikayatembelee majumba ya makumbusho ya magari ya kasi na pikipiki. Najua msomaji atacheka. Mtu wa umri wangu ana haja gani na gari linalokwenda kilomita 300 kwa saa? Hana haja nalo hata kidogo. Lakini mtu aliyefundisha historia ana haja ya kujua kitu kilivyopatikana, na sijui mahali pengine ambapo rangi nyekundu inayong'aa imefunika historia nyingi kiasi hicho.

Miji ya Bologna na Modena imeachana kwa kilomita 40 hivi. Inaunganishwa na barabara iliyojengwa mwaka 187 K.K. kwa amri ya Marcus Aemilius Lepidus, kutoka Rimini hadi Piacenza, ambayo ndiyo iliyoupa mkoa jina lake. Ni nchi ya tambarare, yenye mashamba ya ngano, zabibu na ng'ombe wa maziwa. Katika nchi hiyo ya wakulima ndiko yalikozaliwa makampuni ya Maserati, Ferrari, Ducati na Lamborghini. Swali la siku yangu lingekuwa hili: kwa nini huko?

Ningeanza asubuhi Borgo Panigale, pembezoni mwa Bologna, kwenye kiwanda cha Ducati. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1998, na pikipiki za mashindano zimepangwa humo kwa mfuatano wa miaka. Mgeni wa kawaida hukimbilia zile za karibuni, kama ile iliyomfanya Casey Stoner bingwa wa dunia mwaka 2007. Mimi ningesimama mwanzoni kabisa, kwa maana Ducati haikuanza na pikipiki. Familia ya Ducati ilianzisha kampuni yake mwaka 1926 ili kutengeneza vifaa vya redio. Mwaka 1944 mabomu yalikivunja kiwanda, na vita vilipokwisha watu hawakuwa na fedha za redio wala petroli ya kuchezea. Walichokuwa nacho ni baiskeli. Basi mwaka 1946 kiwanda kikaanza kuunda injini ndogo ya sentimita za ujazo 48, ya kufungwa kwenye baiskeli ya kawaida. Wakaiita Cucciolo, yaani kijibwa kichanga, kwa sababu ya mlio wake. Kutokana na kijibwa hicho ndipo pikipiki zikafuata. Mwaka 1954 akaja mhandisi Fabio Taglioni, aliyetumia mtindo wa vali zinazofunguliwa na pia kufungwa kwa mkono wa chuma, badala ya kutegemea springi izirudishe. Springi huchelewa injini inapozunguka kwa kasi kubwa, chuma hakichelewi. Mtindo huo haujaachwa na Ducati hadi leo.

Kutoka hapo ningekwenda Argelato, kaskazini ya Bologna, ambako familia ya Ferruccio Lamborghini ilifungua makumbusho yake mwaka 2014. Jina hilo vijana hulijua kwa magari yaliyolala chini kama mjusi. Lakini Ferruccio alizaliwa mwaka 1916 katika familia ya wakulima. Wakati wa vita alikuwa fundi wa magari ya jeshi katika kisiwa cha Rhodes, mahali ambapo vipuri havikuletwa na fundi alilazimika kulifufua gari moja kwa viungo vya jingine. Aliporudi nyumbani alikuta wakulima wakitaka matrekta wasiyoweza kuyanunua, na huku magari ya kijeshi yaliyoachwa yakioza. Akayavunja, akaunda matrekta. Matrekta ndiyo yaliyomtajirisha, na utajiri huo ndio uliomwezesha kufungua kiwanda cha magari Sant'Agata Bolognese mwaka 1963. Huko, mwaka 1966, ikatoka Miura, ambayo injini yake ya silinda 12 imelazwa kwa upana nyuma ya dereva. Husimuliwa kwamba aliingia katika magari kwa hasira, baada ya Enzo Ferrari kumdharau alipolalamikia klachi ya gari lake. Hadithi hiyo inapendeza, lakini hasira bila karakana ya matrekta isingeunda kitu.

Adhuhuri ningepumzika karibu na Modena, katika shamba la Hombre la familia ya Panini. Hapo hutengenezwa jibini ya Parmigiano, na katika shamba hilohilo yamehifadhiwa magari ya zamani ya Maserati. Mwaka 1996 magari hayo yalikuwa karibu kupigwa mnada London; Umberto Panini akayanunua yakabaki nyumbani. Ng'ombe upande huu, magari ya mashindano upande ule. Nadhani hakuna picha iliyo bora zaidi ya kuieleza nchi hiyo.

Kisha mjini Modena, kwenye makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2012 kando ya karakana ya babake Enzo Ferrari, chini ya paa la manjano lililoinama kama boneti. Enzo, aliyezaliwa mwaka 1898, alimpoteza baba na ndugu yake katika mwaka mmoja wa 1916. Jeshini alipewa kazi ya kuwavalisha nyumbu vyuma vya kwato. Vita vilipokwisha akaomba kazi Fiat, akakataliwa. Farasi mweusi wa nembo yake alikuwa alama ya ndege ya rubani Francesco Baracca, aliyekufa vitani mwaka 1918. Enzo mwenyewe alisimulia kwamba mama wa rubani huyo ndiye aliyemwambia aichukue. Gari la kwanza lenye jina la Ferrari lilitoka katika lango la kiwanda cha Maranello tarehe 12 Machi 1947, na kiwanda hicho nacho kilikuwa kimepigwa mabomu.

Maranello ni kilomita 20 hivi kutoka Modena, na makumbusho yake ndiyo yenye umati. Ningepita upesi. Ningependelea kusimama nje ya lango la shule ya ufundi iliyo katika mji huohuo, yenye jina la Alfredo Ferrari, mwana wa Enzo aliyefariki mwaka 1956 akiwa na miaka 24. Nimetumia maisha yangu kufundisha walimu, na nimewaona wazazi wengi wakilia mtoto anapopangiwa shule ya ufundi, kana kwamba amehukumiwa. Jibu la swali langu la asubuhi limo katika lango hilo. Magari haya yaliundwa na watu ambao mikono yao ilifundishwa kwanza, katika karakana ya baba, jeshini, shambani na darasani. Na mji uliotajirika kwa mikono hiyo haukuona haya kuipatia shule.

Kama jua lingekuwa bado halijatua, ningemwomba dereva anipeleke kaskazini, nje ya mkoa, hadi barabara iliyonyooka kati ya Goito na Guidizzolo. Tarehe 12 Mei 1957, katika mashindano ya Mille Miglia, gurudumu la Ferrari ya Alfonso de Portago lilipasuka hapo. Alikufa yeye, mwenzake Edmund Nelson, na watazamaji 9 waliokuwa kando ya njia, 5 kati yao watoto. Mashindano hayo ya kasi katika barabara za watu yakakomeshwa. Enzo alishtakiwa, na mwaka 1961 akaachiliwa.

Pana mnara mdogo wa ukumbusho kando ya barabara hiyo. Hauna paa la manjano wala tikiti. Lakini mwalimu wa historia anayewapeleka wanafunzi Maranello bila kuwafikisha hapo amewasomesha nusu ya somo. Watoto wale walikuwa wametoka nyumbani kwenda kuyaona magari, kama ambavyo mtoto yeyote angefanya, na kama ambavyo mimi mzee ningefanya siku hiyo nzima.